Kadi ya Sitini na Moja

Watu huniuliza jinsi ya kuanza kucheza mashindano ya kadi bila kuuza shamba. Huwajibu kwa ukali, lakini huwajibu: ingia ligi ya kadi za kawaida, zile ambazo wenye pesa huzitupa wakishapata zinazong'aa. Sitini zinatosha. Zangu nilizinunua kwa Isse, muuza mitumba wa Nanyuki, zikiwa ndani ya soksi ya mtoto. Bei haikufika ya kuku.

Nauza vifungo na zipu sokoni Karatina, na wakati huo niliishi na mama yangu, sisi wawili tu. Jioni nilikuwa nikizipanga kadi mezani, yeye akinywa chai. Zote zilikuwa na picha za watu: askari, wachungaji, wanawake wenye mikuki.

"Wachuka, usihesabu hizo," akasema. "Ziko na macho. Kitu iko na macho ukihesabu, moja inaenda."

Kwetu wazee hawakuhesabu watoto wala mbuzi. Wakifika kumi, walisema tisa iliyojaa. Nilimcheka, lakini nilimtii. Nilizipanga tisa tisa, mafungu sita, na sita kando.

Miezi mitatu nilipigwa kila Jumamosi kwenye ligi huko Nyeri, kisha nami nikaanza kupiga. Nikafika fainali dhidi ya Kingori, aliyeziita kadi zangu takataka za Karatina. Gatimu, mwamuzi wetu, akataka kila mmoja ahesabu zake kwa sauti, zisizidi sitini.

Nilijua mama angesema nini. Lakini Kingori alikuwa anatabasamu, kwa hiyo nikahesabu.

Sitini na moja.

Ya mwisho sikuwahi kuiona. Ilionyesha mlango wa mabati wa buluu, kigoda nje, na kikombe cha chai chini. Mlango wetu. Kigoda kilikuwa kitupu.

"Toa hiyo, uhesabu tena," Gatimu akasema.

Niliiweka chini ya simu yangu, nikahesabu. Sitini na moja. Ilikuwa imerudi, na sasa mtu ameketi kigodani, amenipa mgongo, shuka begani.

"Kwani hujui kuhesabu?" Kingori akacheka.

Ningeweza kuondoka wakati huo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Badala yake niliirudisha chini ya simu na kuhesabu mara ya tatu, kwa hasira, sauti ikasikika hadi barabarani. Zikatoka sitini kamili. Nikamshinda mbili bila.

Nilipoinua simu nimpigie mama, ile kadi ilikuwa pale chini. Aliyeketi alikuwa amegeuka. Alikuwa mama, akinitazama vile alivyonitazama nikimkaidi.

Simu yake ililia bila kujibiwa. Nilipofika nyumbani, kigoda kilikuwa nje na shuka yake haikuwepo. Chai ilikuwa bado moto. Hakuna jirani aliyemwona akitoka.

Huu ni mwaka wa pili. Wanaoanza huomba niwauzie kadi zangu kwa bei ya chini, nami huwafukuza. Kila jioni nazipanga tisa tisa, sita kando, na mama peke yake karibu na kikombe changu. Namwambia nimemkosea.

Jana nilimtazama vizuri. Chai yake kwenye picha imebaki nusu, na sijui jinsi ya kumwongezea.