Kahawa ya Jirani

Siku ya tatu ya msiba wa baba, saa tatu asubuhi, hakuna jirani hata mmoja aliyekuwa ametuletea kahawa.

Katika vichochoro vyetu vya Napoli, nyumba iliyofiwa haiwashi jiko kwa siku tatu. Kahawa, supu, hata sukari huletwa na majirani, na kazi ya wafiwa ni kulia na kupokea. Mama yangu, Carmelina, alikuwa amewapelekea kahawa wafiwa wa jengo hili kwa miaka arobaini. Sasa zamu yake ilikuwa imefika na mlango ulikuwa kimya. Adhuhuri ya siku ya tatu ikipita bila hodi, watakuwa wamemwambia waziwazi kwamba yeye si mwenzao tena.

Sababu tuliijua. Miaka kumi na moja iliyopita baba yangu, Sabato, alikuwa msimamizi wa mafundi kwenye ujenzi fulani kule bandarini. Alitia sahihi kwamba jukwaa la chuma lilikuwa imara, bila kupanda kulikagua. Likaanguka na watu watatu wakafa, mmoja wao akiwa Aniello, mume wa Bi Titina wa ghorofa ya juu yetu. Mahakamani baba aliapa kwamba alikagua, akaachiwa. Nilimpenda baba yangu na nilijua kwamba alidanganya, na sitamwomba mtu radhi kwa lolote kati ya hayo mawili.

Mama alikuwa amelala chali kitandani, kichwa amekifunga kitambaa.

"Kichwa kinakuuma kwa kukosa kahawa," nikamwambia. "Nishuke mgahawani nikakuletee?"

"Kahawa ya kununua? Unataka wanicheke?"

"Mbona wanakucheka tayari, Mama."

Nilijuta papo hapo. Yeye hakukasirika.

"Waache wacheke. Mtu atakuja. Hebu toka hapa, Ersilia, unanizibia hewa."

Akavua vifaa vyake vya masikioni, akaviweka kwenye kisosi, akageukia ukuta. Bila vile, hata ungepasua fataki chumbani asingesikia.

Nikaenda jikoni, na pale kwenye kona ndipo nilipoiona mashine ya kahawa niliyomtumia kutoka Torino Krismasi ya mwaka juzi. Ilikuwa bado ndani ya boksi lake. Mama alikuwa amelitandika kitambaa cha kufuma na kuweka juu yake sanamu ya Mtakatifu Anna. Nikaitazama, na wazo likanijia: hii haina moto. Inatumia umeme, na desturi inakataza jiko. Nimeishi kaskazini miaka ishirini na nimekuwa mjanja.

Nilimwondoa Mtakatifu Anna, nikafungua boksi, nikajaza maji. Nilikuwa na buni zangu mwenyewe nilizokuja nazo, zilizokaangwa wiki mbili tu zilizopita. Mimi nina mashine kama hiyo nyumbani, kwa hiyo naijua tabia yake. Watu hudhani kwamba kwa kuwa inajiendesha basi kazi ni kubonyeza na kunywa, ndiyo maana wengi wanakunywa maji ya kuoshea vyungu na kuyaita espreso. Kwanza unaipitisha maji matupu ipate joto, na kikombe nacho unakipasha. Kisha unaanza kutafuta usagaji unaofaa, maana mashine ina kinu chake ndani.

Kikombe cha kwanza kilijaa kwa sekunde kumi, kahawa nyepesi na chachu. Kinu kilikuwa kinasaga chengachenga. Kitufe cha usagaji kinazungushwa wakati kinu kinazunguka tu, tena alama moja moja, la sivyo unaharibu meno yake. Nikabonyeza tena, kinu kikanguruma, vyombo vikatetemeka kabatini, nami nikakaza kisage laini zaidi. Kikombe cha pili nikakimwaga bila kukionja, maana kinakuwa na unga wa zamani uliobaki ndani. Cha tatu kilidondoka tone baada ya tone, cheusi, kichungu. Nikalegeza alama moja. Cha nne kikashuka wembamba wa mkia wa panya, rangi ya hudhurungi, povu zito likafunga juu. Sikuiacha ipite theluthi mbili za kikombe. Nilifurahi. Katika nyumba ile, asubuhi ile, nilifurahi, na hilo linanitesa mpaka leo.

Mashine iliponyamaza nikasikia mlio wa vyombo nje ya mlango. Nikafungua.

Bi Titina alikuwa amenipa mgongo, ameshapanda ngazi mbili kurudi kwake. Mikononi alikuwa na sinia, na juu yake birika dogo la kahawa na vikombe viwili vimefunikwa kitambaa cheupe.

"Bi Titina! Mbona unarudi? Karibu ndani."

"Nilidhani mna msiba."

"Tunao."

"Nimesimama hapa. Nikasikia mnasaga, nikasema labda sikio langu. Mkasaga tena. Na tena. Mnafungua mgahawa?"

"Ni umeme tu, Bi Titina. Jiko halijawashwa, naapa."

"Baba yako naye aliapa."

Nilishika ukingo wa ngazi. Nilistahili lile, lakini Mama hakustahili.

"Ni mimi niliyesaga," nikasema. "Mama hajui. Tangu juzi hajatia kitu mdomoni, anangoja hodi yako. Njoo umpe hata tone."

Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Binti, juzi nilifika nusu ya ngazi hizi nikarudi. Jana nilifika mlangoni nikarudi. Leo nilikuwa nimeshainua mkono. Sina siku nyingine, mwanangu. Zimeniishia."

"Basi niachie sinia nimpelekee."

"Hii haiachwi. Unammiminia mtu huku unamtazama usoni."

Akapanda. Kitambaa cheupe kilikuwa kimelowa kahawa upande mmoja. Alifunga mlango wake taratibu.

Kahawa yangu ilikuwa bado ya moto. Kwa haraka nilikuwa nimetumia kikombe cha kioo kilichokuja ndani ya boksi, ambacho Mama hakuwahi kukiona. Nikampelekea. Alipokiona akavaa vifaa vyake vya masikioni.

"Nani? Kikombe hiki si chetu. Nani kaja?"

Nilikusudia kumwambia kweli.

"Bi Titina," nikasema.

"Titina wa Aniello?"

"Ndiye."

"Na mbona hakuingia?"

"Nilimwambia umelala."

Alikunywa kwa mafunda matatu, machozi yakimwingia mdomoni.

"Nzuri hivi," akasema. "Kaitengeneza kwa moyo, Ersilia. Huwezi kutengeneza hivi kwa mtu unayemchukia."

Akainuka kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. Nikamtangulia jikoni, nikaifunika mashine kwa kile kitambaa cha kufuma na kumrudisha Mtakatifu Anna juu yake. Akakiosha kikombe mwenyewe, akakikausha, akakijaza sukari, kwa sababu kwetu chombo cha jirani hurudi na kitu ndani. Kisha akavaa koti lake jeusi na kuchana nywele.

"Mama, pumzika. Nitampelekea mimi."

"Wewe? Miaka kumi na moja nimengoja kupanda hizo ngazi. Hebu toka mlangoni."

Nilikuwa nimesimama mkono kwenye komeo. Alinitazama akitabasamu, uso umechangamka, kikombe amekikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

Nikampisha.