Kiraka cha Mlango wa Kushoto

Mzee, fundi mstaafu wa bodi za magari, alikuwa amelipita lile gari jekundu mara mbili, na mara zote mbili aligeukia ukutani akajifanya anasoma maelezo. Bintiye alikuwa na wiki ya tatu tu kazini, akiwatembeza wageni katika makumbusho ya magari adimu, na leo alimwalika baba yake makusudi, aone mwanawe kafika wapi. Mzee aliona, akajivuna. Kisha akamsikia akiwaambia wageni kwa sauti ya kujiamini kwamba lile jekundu, ambalo duniani yamebaki manne tu, halijawahi kuguswa na nyundo ya fundi tangu litoke kiwandani.

Moyo ukamshuka. Nyundo ilikuwa yake.

Miaka thelathini na mitano nyuma, mwenye gari alikuwa ameligonga kwenye nguzo ya geti lake mwenyewe, akaomba litengenezwe kabla mkewe hajarudi safarini. Bati la kufaa halikupatikana. Fundi akakata ubavu wa debe la mafuta ya kula, akauponda taratibu hadi ukafuata umbo la mlango, akauchomelea, akapaka rangi. Nyumbani alisema alilipiga polishi tu, maana mwenye gari alimwapisha asiseme. Binti alikua na hadithi hiyo, na sasa alikuwa anawalisha watu uongo wa baba yake bila kujua.

Siku moja angekuja mjuzi, agonge mlango kwa kidole, na atakayemwaga unga ni mtoto. Mzee hakungoja. Wageni walipoingia chumba cha pili, alimwendea mkuu wa makumbusho, mama mwenye miwani kwenye ncha ya pua, akamweleza yote bila kupamba, akamsihi asimwadhibu binti.

Yule mama alimwongoza hadi kwenye gari, akafungua mlango wa kushoto na kumulika tochi penye upenyo. Ndani, juu ya bati, yalionekana maandishi yaliyofifia ya mafuta ya kula, yamekaa kichwa chini miguu juu.

"Mzee wangu, mafundi wetu watatu wamenuniana mwezi mzima kwa ajili ya hiki kiraka," alisema. "Kila mmoja anadai anajua kilivyofanyika."

"Kumbe mnakijua?"

"Tangu gari lilipoingia. Wala hatukitoi. Mlango wote umeliwa na kutu, hapo tu ndipo pazima. Maelezo mapya yako kwa mchapaji. Binti yako hakuambiwa, na hilo ni kosa letu."

Mzee alicheka, kisha akaomba kiti. Alijiona mwepesi kama aliyetuliwa gunia mgongoni. Binti aliporudi, mzee alimsimulia mwenyewe.

"Yaani baba, umenidanganya tangu niko mdogo?"

"Nilidanganya mtaa mzima, mwanangu. Wewe ulikuwa karibu tu."

Binti alijaribu kununa, akashindwa, akamkumbatia. Mkuu akaomba kila hatua ya kile kiraka iandikwe, mafundi wake wapatane. Binti akakaa na kalamu, akaanza kwa kumwita baba yake fundi bingwa.

"Futa hilo," mzee alisema, machozi ya kicheko yakimlenga. "Andika alikuwa na haraka, na mke wa mtu alikuwa njiani."