Popi za Bibi Harusi

Dada yangu akikataa jambo, amekataa. Chupa ya dawa aliyoiacha nesi ilikaa wiki nzima juu ya rafu, katikati ya mikasi na nyuzi za kufungia maua, naye akiitazama kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. Ugonjwa ulikuwa umemwingia kwenye mifupa. Hospitali walishasema hawana la kufanya zaidi ya kumtuliza maumivu, na huko kutulizwa ndiko alikokukataa.

Kitanda chake tulikihamishia chumba cha nyuma ya duka letu la maua, kwa sababu nyumbani, alidai, upweke ungemmaliza kabla ya ugonjwa. Basi nikawa nauza mbele, nauguza nyuma. Mteja anauliza waridi, Dada anaita maji. Usiku akiugulia maumivu, nami niko macho. Nilichoka mpaka huo uchovu wenyewe, nadhani, ukanichoka.

Harusi ya bintiye ilikuwa imekaribia. Binti aliomba kitu kimoja tu: shada lake la maua alifunge mama yake kwa mikono yake, na liwe la popi. Dada akaahidi. Ukaidi wote ulitoka hapo.

"Hiyo dawa inalaza watu," alisema. "Nikilala, nani atafunga?"

"Si mimi nipo?"

Akavitazama vidole vyangu. "Wewe? Mtoto wa watu atatembea ukumbini na mzigo wa kuni."

Popi ni maua ya kudeka. Petali hutoka kwenye tumba zikiwa na makunyanzi, kama nguo iliyosahauliwa sandukuni, kisha hujinyoosha zenyewe, nyembamba hata mwanga unapita. Ukikata shina linatoa utomvu, na usipoichoma ile ncha kwa moto hapo hapo, jioni ua limeshalala. Wauza maua wengi hawataki usumbufu huo. Dada alizipenda kuliko alivyowapenda wateja. Kila aliyenunua alipewa somo bila kuliomba: kwamba kuna popi ambayo mbegu zake waoka mikate huzinyunyiza juu ya mikate, mafuta yake wachoraji huchanganyia rangi, na vichwa vyake vikikauka hupamba meza mwaka mzima.

"Waridi linajua kujipamba tu," alikuwa akisema. "Hili linafanya kazi."

Nesi, mama mpole asiyejua kugombana, alijaribu kumnasa hapo. "Hata hii dawa yako, mofini, imetoka kwa ndugu wa hayo maua yako."

Dada akageukia ukutani. "Kila ukoo una mtu wake wa aibu," akasema.

Mchana wa mkesha wa harusi, ndoo ya popi ilipofika, nilimwegemeza kwa mito, nikamwekea sinia mapajani na mkasi mkononi. Shina la kwanza alilikata upande. La pili alilisaga. La tatu mkasi ulimponyoka, akauma shuka ili nisimsikie. Nilimsikia. Nikaenda jikoni kupika uji.

Uji ulipoiva nilisimama na ile chupa imefunguliwa juu ya bakuli. Asingejua. Sukari ingeficha kila kitu, naye angepumzika, nami ningepumzika. Hasira ikanipanda, sijui ya nani, nikabeba bakuli na chupa vyote viwili nikampelekea.

"Nilitaka kukutilia kwenye uji," nikamwambia.

Akanikazia macho. "Mbona hukutia?"

"Ungenisimanga mpaka kaburini."

"Kaburini kwa nani?"

Tukacheka. Kicheko changu kikageuka kilio, na sikuwa na nguvu ya kukizuia.

"Dada, nimechoka. Shada silijali. Nimechoka kukusikia ukiumia. Ukiugulia naumia, halafu nakuchukia, halafu najichukia mwenyewe."

Alinitazama kama mtu ambaye hajaniona tangu augue.

"Hayo macho yamekuwa mekundu hivyo tangu lini?"

"Tangu ulipolala hapo."

"Lete kijiko," akasema. "Tia nusu ya alichosema nesi. Na usidhani ni kwa ajili yangu. Kwa macho hayo utamtisha bwana harusi."

Akanywa, akakunja uso. Nilikaa kitini kando yake kusubiri hiyo dawa imwangushe. Haikumwangusha. Polepole mabega yalishuka kutoka masikioni, kisha vidole vikatulia. Akaomba mshumaa. Akakata shina, akaichoma ncha, akalilaza kwenye sinia, akachukua jingine.

"Kumbe," akasema.

Kumbe! Wiki nzima ya mateso, na neno lake ni hilo moja. Nilitaka kumgombeza, lakini usingizi ulinizoa hapo hapo.

Nilipoamka jua lilikuwa linazama, na mabegani nilikuwa nimefunikwa shuka lake. Mshumaa umezimwa. Shada lilikuwa tayari kwenye sinia, limekazwa vizuri, lakini hakuna ua hata moja lililofunguka. Popi zote zilikuwa matumba yaliyopasuka kidogo, wekundu ukichungulia.

"Zitafunguka kesho asubuhi," akasema kabla sijauliza. "Ukikata popi iliyokwisha kufunguka, ukumbini unafika na vijiti."

"Basi utaziona zikifunguka. Kiti cha magurudumu tumeshaazima."

Akatikisa kichwa. "Utakwenda wewe; si wewe ndiye mama mdogo wa bibi harusi? Mwambie nimefunga mwenyewe, asiulize mengi. Nesi akija, mwambie sasa anipe kipimo kizima. Nataka kulala."

Wiki nzima nilikuwa nimemsihi aseme maneno hayo hayo. Sasa ameyasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeniaga dukani jioni, nami nikatamani ayarudishe. Nikamwambia sawa, Dada, nitamwambia. Nilitaka kumwambia asilale.