Kikohozi Ndani ya Bomba

Mke wa mwendeshaji wa kinu cha nyuklia alisimama mbele ya kioo kinene kama ukuta, akashika vishikio vya mikono ya chuma, akaingiza kipande cha fueli iliyotumika ndani ya tanuri. Kazi yake na mpimaji wa gesi ilikuwa kukichoma kama kitakavyoungua siku kinu kikikosa maji, na kupima gesi itakayotoka. Siku zote walichoma polepole, kama maji ya chai yasiyo na haraka. Leo swichi ya joto ilikwama, joto la tanuri likapanda kwa mkupuo, kama ajali yenyewe.

Gesi ilitoka kwa fujo. Nyuma yake, ndani ya bomba, kikaja kikohozi: mara mbili kwa kifupi, mara moja kwa kirefu, kisha pumzi ikivutwa kwa taabu.

"Shemeji," alisema mpimaji, waliyemwita Kijiti kwa wembamba wake, "huyo si bwana wako?"

"Ndiye."

Vikafuata vikohozi vya zamu nzima ya mumewe.

"Na huyu kaka yangu. Hata kukohoa anakohoa kwa maringo," alisema Kijiti, lakini hakucheka.

Mkuu wa maabara alikuja, akatega sikio mpaka bomba likanyamaza.

"Hawa watu ni wazima?"

"Wazima. Wanaingia kazini jioni hii."

"Basi hawajakohoa. Rudieni, polepole."

Walirekebisha swichi, wakarudia. Gesi ilitoka kidogo kidogo, bomba likawa kimya. Mkuu alitia saini kwamba kinu ni salama, akawashukuru kwa kazi nzuri.

Nyumbani, mke alimkuta mumewe akifunga kamba za viatu. Alimweleza yote akiwa bado na mkoba begani.

"Nilikohoa sana?"

"Sana."

"Halafu?"

"Halafu ukanyamaza." Akasogea mlangoni. "Usiende, baba watoto."

"Nisipokwenda, si ataitwa mwingine akakohoe?"

Akampisha.

Mumewe alipofika nje alisimama, akajaribu: mara mbili kwa kifupi, mara moja kwa kirefu.

"Ndicho?"

"Hicho cha mwisho kilikuwa kirefu zaidi," alisema mkewe, akarudi ndani kumletea leso safi.