Dakika Kumi za Ralanti

...na akithubutu kuigusa hiyo gazi, kikanyagio cha mafuta, Venant aliwaza, akiigusa hata kwa ncha ya kidole cha mguu nitamtoa humo ndani kwa kola ya shati, wallahi sijali, gari lazima ingurume yenyewe kwenye ralanti dakika kumi bila kukanyagwa na mtu, ndivyo inavyofundishwa, ukishaifungua papiyo, kile kisahani kinachopitisha hewa ya injini, ukaifuta na kuirudisha, kalkilatere, yaani ubongo wa gari, haujui tena kisahani kinafungia wapi, inabidi ukae ujifunze upya, na haujifunzi kitu mtu akiukanyagia, lakini nenda kawaambie hilo madereva wa Uvira, wote waliolelewa na karibireta za zamani zisizo na ubongo, mtu hata hajazungusha ufunguo mguu uko chini tayari, vruum, vruum, ndipo ajisikie mwanaume, na huyu Clovis ndiye baba yao, mtazame alivyokaa kwenye usukani mlango wazi, goti linamcheza, mshenzi, mguu uleule uliokanyaga ukaondoka Bwegera Jumanne ile ukamwacha Claudette barabarani na mimba ya miezi saba... "Fundi, iko nanguruma muzuri," Clovis alisema, na Venant akajibu "Usiguse!" kwa sauti iliyowafanya wauza ndizi ng'ambo ya barabara wageuke, na Clovis akatoa miguu yote miwili nje ya mlango, "Minye sigusi, mukubwa, ona, miguu iko huku," kwa upole, na upole wake ndio unaotia hasira zaidi, muuaji gani huyu mpole, afadhali angejibu ovyo nikapata sababu ya kumzaba kofi... dakika ya tatu, saa ya mkononi isimame basi kama inataka, dakika ya tatu tu... Claudette, kitindamimba wa mama yao, aliyemfunga yeye Venant mgongoni siku za kwenda kufukuza ndege kwenye mpunga, hapana, yeye ndiye alimfunga Claudette mgongoni, hata kumbukumbu zinamtoka kwa ghadhabu, na sasa simu yake siku ya saba haipatikani, bunduki zilikuwa zinalia upande wa Mutarule, tambarare nzima imetoka inakimbia na magodoro kichwani, na gari iliyokuwepo ni hii tu, jeep ya ushirika wa mpunga, watu kumi na wanane wamepanda, na katikati ya njia, palepale Bwegera, bwana mkubwa Clovis anasimamisha, anasema nusu yenu mushuke, gari haivuti, na nani alishuka, walishuka wasio na sauti, alishuka mwanamke mwenye tumbo, na mbuzi hakushuka, Mungu wangu, mbuzi wa mtu alifika Uvira salama, Venant alimwona kwa macho yake akila maganda pale Kavimvira, mbuzi! na Clovis mbele yake anaapa, "Gari ilikosa nguvu, fundi, taa ya manjano iliwaka, nakanyaga gazi mpaka chini, iko natembea tu sawa kobe," ilikosa nguvu, dereva gani aliyewahi kukimbia akasema nimekimbia, wote gari zao hukosa nguvu, na leo asubuhi yeye Venant amefungua kapo, mfuniko wa injini, na kung'oa papiyo kwa mikono yake, akitafuta masizi yanayoikaba hewa, akakuta nini, kisahani safi, kinang'aa, unaweza kukinyolea ndevu, basi nguvu ilikosekana wapi, uongo mtupu, na angeirudisha hivyohivyo, angemwambia peleka kwa fundi mwingine, isipokuwa Félicité, mke wa Venant, alisimama mlangoni akasema, "Tengeneza gari kwanza, kumuchukia utamuchukia kisha," kwa sababu askari wa kizuizi wamesema njia ya Bwegera iko wazi hadi saa sita, baada ya hapo hawajui, na hakuna gari nyingine itakayokwenda kuchukua waliobaki, na katika waliobaki, kama yupo, yupo Claudette... dakika ya tano, injini imetulia, inapumua sawasawa, kazi nzuri, hata kwa adui yako kazi nzuri ni nzuri, na Clovis anasema kitu tena, hachoki huyu, anasema nini, kitu cha Jumanne... "Nauliza tu, mukubwa, juu ya nini leo tunangoja vile? Ile Jumanne uliniambia tu kanyaga, uende."

Ile Jumanne, ndiyo, nini ile Jumanne, Jumanne ulikuja asubuhi ralanti inapanda na kushuka, nikafungua, nikafuta, nikafunga, ukaenda, kuna nini hapo, ungejua wewe nilivyofanya kazi mbio siku ile, wakimbizi wa kwanza walishaingia mjini, nilikuwa na kitambaa kimelowa dawa, kisahani kikanigomea, nikakisukuma kwa kidole kontakti, umeme wa gari, ikiwa imewashwa, kitu ninachokikataza mimi mwenyewe kila siku, nikafunga kapo nikapiga bati kwa kiganja nikakupigia kelele, kanyaga, weye, kanyaga gazi, dada yangu iko kule, kimbia... dakika kumi, sikuipa hata moja... na taa ya manjano iliwaka, bila shaka iliwaka, ubongo uliochanganyikiwa hujilinda, huibana injini ili isijiue, ukanyage hadi sakafuni itakwenda kwa mwendo wa kobe, na ikipakiwa watu kumi na wanane haivuti, ni lazima washuke, nusu yao ni lazima washuke, yeyote angewashusha, kisahani kilikuwa safi kwa sababu nilikisafisha mimi, mjinga mimi, leo asubuhi nimekiangalia kinang'aa nikakifanya ushahidi wa kumfunga mtu, wanasema kidole kimoja hakivunji chawa, changu kimoja kimewavunja watu tisa... na hasira haikutoka, ajabu, ilibaki palepale kifuani na moto wake wote, haina tu wa kumpiga, na nilimtangaza kila mahali, Jumapili baada ya misa nilisimama nje ya kanisa nikasema Clovis amemuuza dada yangu kwa mbuzi, mke wake Ornella hauzi tena dagaa, wanawake wanamtemea mate sokoni kwa maneno yangu, na akifika Bwegera leo wale walioshushwa wanamngoja na mawe, naye anakwenda, anajua na anakwenda, na hakuna anayejua hili ila mimi, naweza kunyamaza, kalkilatere haisemi, Clovis mwenyewe anaamini ni gari mbovu, ni kunyamaza tu, dakika mbili zimebaki, nifunge kapo, nimwambie safari njema...

"Ni minye," Venant alisema, akiangalia injini. "Ni minye nilimushusha Claudette."

Clovis akainama kutoka kwenye kiti, miguu bado nje kama alivyoamriwa. "Unasema nini, mukubwa?" aliuliza, na Venant akainua uso kutoka kwenye injini, akamtazama, akaanza kusema tena, safari hii tangu kile kidole cha Jumanne asubuhi.