Tausi wa Kushoto

"Shemeji, kompyuta hii hata muuza vyuma chakavu ataikataa," Wahid alisema, akaipiga kofi ubavuni. "Nunua mpya, tupumue."

"Ipige tena uone," Inshirah akamjibu bila kugeuka.

Walikuwa kwenye karakana ya marehemu Shawqi, mume wa Inshirah na kaka yake Wahid, katika mtaa wa wachongaji huko Dumyat, mahali ambapo mtoto huvuta vumbi la mbao kabla hajaonja maziwa. Harusi ya Maysa, binti wa pekee, ilikuwa imebisha hodi. Alhamisi vyombo vya bibi harusi vingepakiwa kwenye malori na kupitishwa mitaani kwa ngoma, watu wote waone, na kitanda chake kilikuwa na nusu ya ubao wa kichwani. Shawqi alikuwa amechonga nusu ya kulia, tausi aliyeinamisha shingo, akitazama kushoto. Ya kushoto hakuiwahi. Figo zilimwangusha, na sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu wamzike.

Ubao wa nusu hiyo ulikuwepo, mmoja tu, umepasuliwa kutoka gogo lile lile. Shawqi mwenyewe aliukausha miaka mitatu. Ukiharibika, basi tena. Na mchoro wake ulikuwepo. Kilichopotea ni mpangilio wa mashine ya kuchongea, ile iliyoendeshwa na kompyuta hii. Bwana mmoja, Mungu amsamehe maana Inshirah hajamsamehe, aliitwa kuitazama kompyuta ilipokuwa nzito, naye akaisafisha, akafuta kila kitu kilichoiambia waya gani unaendesha mota gani.

Ndiyo maana Ramzi, fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, alikuwa amekaa mbele ya skrini anajikuna kichwa.

"Mama Maysa, kompyuta za siku hizi hazina hata tundu hili," alisema, akiishika kebo nene iliyotoka mgongoni mwa kompyuta, kwenye tundu ambalo zamani watu walichomeka printa. "Nimeliona na programu inalitambua. Lakini ndani ya kebo mna waya ishirini na tano. Nikibahatisha, mashine itatimua mbio upande usiotakiwa."

"Nani kakwambia ubahatishe? Andika. Mbili hatua, tatu mwelekeo."

"Nini?"

"Pini ya pili, ya waya wa pili, inaipa mota hatua za kwenda kulia na kushoto. Ya tatu inaiambia iende upande gani. Nne hatua, tano mwelekeo, hiyo ni mbele na nyuma. Sita hatua, saba mwelekeo, kisu kupanda na kushuka. Kumi ni kitufe chekundu cha kusimamisha. Andika basi, mbona umenikodolea macho?"

Wahid aliguna. "Yarabi! Mimi hata namba ya simu ya mke wangu siijui."

Angejuaje yeye? Miaka ishirini na miwili nyuma, Shawqi alipoiunda mashine hii kwa vyuma vya kuokoteza, watu wa mtaa wakimcheka kwamba kachoka kushika patasi, Maysa alikuwa mchanga, analazwa ndani ya kreti lililojaa maranda. Shawqi akishika waya kule, Inshirah akikaa kwenye kompyuta huku, mguu wake ukitikisa kreti. Mbili hatua, tatu mwelekeo, nne hatua, tano mwelekeo. Mtoto alilala kwa kuimbiwa namba hizo. Majira ya baridi mazima walikula maharage na mkate juu ya meza ya mashine, vumbi kwenye chai, na wallahi Inshirah hajawahi kuwa na furaha kama ile, si kabla wala baada.

Ramzi aliandika. Mota zikanguruma, meza ikatetemeka. Wahid alishangilia kama aliyefanya kazi mwenyewe.

Lakini Ramzi alikuwa mwangalifu. Alifunga penseli badala ya kisu, akatandika kadibodi, akaanzia kona ya kushoto, kama mashine zote zinavyoanzia. Penseli ikachora mkia, ikachora shingo, ikamaliza. Wakakiweka kile kipande kando ya nusu ya Shawqi.

Tausi mpya alikuwa amempa mwenzake kisogo.

"Haa! Wameshagombana, na harusi bado!" Wahid akacheka, kisha akaona uso wa shemeji yake, akajifanya anaikagua kadibodi.

"Mchoro ndio una kosa," Ramzi alisema kwa upole. "Usimlaumu, mama. Kwa hali aliyokuwa nayo, huenda alichanganyikiwa. Naugeuza, dakika moja tu."

Maneno hayo yalimchoma Inshirah. Siku zile za mwisho Shawqi alikaa kwenye kiti hiki amevimba miguu, akimfukuza kila aliyemwambia apumzike. Leo aambiwe hakujua alichokuwa akifanya!

"Mchoro usiuguse."

"Lakini mama..."

"Nimesema usiuguse! Niache nifikiri."

Aliitazama meza. Shawqi alikuwa akisimama wapi akitega kisu? Hakuwa kushoto, maana kushoto kulikuwa na kreti la mtoto. Alisimama dirishani, kulia, siku zote. Ndipo ugomvi ule ukamrudia, fundi wa Kairo aliyekuja mwaka ule wa kwanza akamcheka: usta, fundi mkuu, dunia nzima inaanzia kushoto. Na Shawqi, ambaye maisha yake yote hakusoma herufi ila za Kiarabu, akamjibu: basi dunia nzima haijui kuandika.

"Alianzia kulia," Inshirah alisema. "Kila kitu alianzia kulia, kama mtu anayeandika barua. Geuza pini ya tatu. Kisu kipeleke kona ya dirishani."

Kadibodi ya pili ilitoa tausi aliyemtazama mwenzake jicho kwa jicho. Ramzi aliomba radhi, akimwomba marehemu.

Wakafunga kisu, wakabana ubao. Wahid alikwenda nyuma ya mashine kushika waya. Inshirah akamwondoa Ramzi kitini, akakaa yeye, akaweka kidole, na bila kufikiri akaita kama alivyoita miaka yote ile, "Shawqi, tayari?"

Kisha, kutoka nyuma ya mashine, kwa sauti nzito iliyofanana mno na ya kaka yake, Wahid akajibu, "Bismillahi. Bonyeza."

Akabonyeza.

Kisu kilikula mbao kwa saa tano. Maysa alipofika alasiri, nusu mbili zilikuwa zimeegemezwa ukutani pamoja, na mistari ya mbao ilipita kutoka moja kwenda nyingine bila kukatika. Mama yake alikuwa amekaa chini, analia kwa sauti, wanaume wawili wamesimama hawajui pa kuweka mikono.

"Mama! Si kitanda kimetoka kizuri?"

"Kizuri sana." Inshirah alijifuta kwa ncha ya shela, vumbi likampaka uso. "Miezi minane, mwanangu, nilikuwa najiambia baba yako ana kazi hapa hajaimaliza. Sasa ameimaliza."