510511 Pembeni mwa Ubao

Darasa lilikuwa moja, walimu wawili. Mimi, Régine, nilifundisha asubuhi, Ntumba alasiri, na pembeni mwa ubao tulichora kisanduku ambacho mwanafunzi yeyote alikatazwa kukifuta. Humo kila mmoja alimwachia mwenzake namba: je, ni tasa, au inagawanyika? Hadi leo nayakumbuka majibu yake, na zile saba zake zenye mkia mrefu. Nilifika mapema ili niyasome kabla ya watoto, na sijawahi tena kupenda kazi kama nilivyoipenda wakati ule.

Mwaka 1992, wiki ambayo watu walianza kusema hadharani kwamba Wakasai warudi kwao, mkoani Kasai, Ntumba, Mkasai mwenyewe, aliniachia 510511. Nilicheka. Chukua mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu na kumi na saba, zizidishe zote, kisha ongeza moja: ndiyo hiyo. Kwa hiyo ukiigawanya kwa yoyote kati ya hizo, inabaki moja. Nikaandika kwa mbwembwe: “Tasa.”

Kesho yake nikakuta: “Endelea kidogo.”

Nilichukia. Nani kamwambia mimi mwanafunzi wake? Nikaiacha namba yake wiki tatu nzima, na tulipopishana mlangoni nilimsalimia kwa kidevu. Nilitaka aniombe radhi kwanza.

Madawati yakaanza kubaki wazi. Kisha Ntumba mwenyewe hakuja. Yuko stesheni na familia yake, watu wakasema, pamoja na maelfu ya wengine waliofukuzwa, wanasubiri treni ya Kasai. Hasira ikaniisha palepale. Nilitaka kitu kimoja tu, kupatana naye kabla hajaondoka. Nikachukua chaki, nikaijaribu namba tasa inayofuata, kumi na tisa. Ikaingia mara 26869, bila baki.

Nilimkuta stesheni amekaa juu ya godoro lililokunjwa, ndevu zimemwota.

“Dix-neuf, kumi na tisa,” nikamwambia. “Nilisimama ku dix-sept, kumi na saba. Unisamehe, mwalimu.”

Akatabasamu vilevile kama zamani. “Na ile inabakia nayo iko na badiviseurs yake. Quatre-vingt-dix-sept, deux cent soixante-dix-sept.”

Alikuwa ameshaigawanya 26869 yangu: tisini na saba mara mia mbili sabini na saba. Tukacheka wote wawili, katikati ya mabunda na sufuria za watu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

“Nilitaka ukuye kuniuliza,” akasema. “Mukasai kufika kwako haikuwezekana, bantu bangekusumbua. Lakini mwalimu kuuliza mwenzake calcul ya hesabu, nani atashangaa? Maman alikuwa mugonjwa. Nilitaka kukuomba umuchunge, sababu hii safari hangeiweza.”

“Sasa Maman iko wapi?”

“Tulimuzika juzi.”

Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile. Kuigawanya namba yake kwa kumi na tisa kulinichukua dakika mbili.